Safari ya Muscat: dola taslimu, riali zinazonunuliwa Unguja, au kadi ya benki?

BintiMlandege:
Assalaam aleykum ndugu zangu. Mwezi ujao namsindikiza mama Muscat kwenye harusi, na fedha zetu zote ziko benki kwa shilingi. Nyumbani kila mtu ana lake: baba anasema tununue dola, shangazi anataka tununue riali hapa hapa Unguja ili tufike na fedha ya nchi mkononi, na kaka anashikilia kuwa kadi inatosha. Naomba waliokwisha kusafiri wanilinganishie njia hizi tatu, hasa ipi ina hasara ndogo.

MkaziWaRuwi:
Waaleykum salaam, mwanangu. Riali ya Oman imefungwa kwenye dola, na kiwango chake cha takriban dola 2.60 kwa riali moja hakijabadilika tangu 1986, kwa hiyo dola 100 ni riali 38 na baisa (senti za Oman, 1,000 kwa riali moja) mia nne na ushei, iwe unabadilisha leo au wiki ijayo. Maduka ya kubadilishia fedha hapa Ruwi, mtaa wa Muscat, yamepangana, na kwa kuwa kila mteja anakijua kiwango hicho, ni vigumu kukupunja sana kwenye dola. Panapouma ni kwenye shilingi. Muuzaji wa Unguja hauzi riali nyingi kama anavyouza dola, na kwa sababu hiyo mara nyingi huacha pengo pana kati ya bei ya kununulia na ya kuuzia. Ichukue bei ya riali anayokutajia, uigawanye kwa 2.6, kisha ulinganishe na bei ya dola iliyo kwenye ubao huohuo. Kinachozidi ndicho unacholipia raha ya kufika na riali mfukoni. Mimi ningenunua riali za teksi na maji ya kunywa tu, zilizobaki zote nikabeba dola.

MhasibuTanga:
Naafikiana na mzee, ila dola nazo zina masharti. Chukua noti za 100 za chapa mpya, zisizochanika wala kuandikwa kwa kalamu, na uzikague moja moja kabla hujaondoka dirishani, kwa sababu noti chakavu au ya chapa ya zamani hushushwa bei au hukataliwa kabisa. Risiti usiitupe.

Kuhusu kadi, kaka yako hajakosea kabisa, lakini makato yake yamejificha: benki yako hugeuza shilingi kwa kiwango inachokipanga yenyewe, huongeza ada ya muamala wa nje, na benki yenye mashine ya kutolea fedha (ATM) huweza kutoza yake juu ya hiyo. Basi ukilazimika kutoa, toa kiasi kikubwa kwa mara moja. Mashine ikikuuliza kama ukatwe kwa shilingi au kwa riali, chagua riali bila kusita, kwani ukichagua shilingi umewapa wenye mashine ruhusa ya kukupangia kiwango wanachotaka.

MsafiriWaLikoni:
Sisi wa Mombasa tunayo pia kadi ya Visa ya mtandaoni iliyounganishwa na M-Pesa. Inafaa kulipia hoteli mapema, ila huwezi kuitumia kutolea fedha kwenye mashine. Nyongeza kwa wanaopitia Dubai kwa barabara: baadhi ya maduka ya Oman hupokea dirham, fedha ya Emirati, kwa hesabu ya dirham 10 kwa riali moja, ilhali kiwango halisi ni karibu 9.55. Kwenye dirham 100 umeshaacha karibu nusu riali.

BintiMlandege:
Nawashukuru nyote. Imezuka njia ya nne: shemeji yetu anayeishi Seeb, karibu na Muscat, atupe riali huko, nami nimpe mama yake shilingi hapa Unguja.

MkaziWaRuwi:
Baina ya jamaa wanaoaminiana hiyo ndiyo nafuu kuliko zote, maana hakuna duka linalokata katikati. Kubalianeni kiwango kabla ya safari, kwa mfano bei ya wastani ya dola inayotangazwa na Benki Kuu ya Tanzania siku hiyo, izidishwe kwa 2.6, ili pasiwe na manung'uniko harusini. Usikubali kufanya hivyo na mtu baki anayejitangaza mtandaoni; kuhamisha fedha kibiashara kunahitaji leseni, na zikipotea huna pa kushitaki.

Tazama pia noti atakazokupa, kwa sababu noti kadhaa zilizotangulia toleo la 2020 zilikoma kutumika mwishoni mwa 2024, na wapo watu ambao bado wanazo kabatini. Mwambie mama vilevile kwamba riali moja ni baisa 1,000, hivyo kibandiko cha bei kinachosomeka 1.500 ni riali moja na nusu; wageni wengi huiona hiyo nukta wakadhani kitambaa kinauzwa elfu moja na mia tano.

BintiMlandege:
Basi tutabeba dola, riali chache za kuanzia, na kadi ya dharura. Za shemeji zitakuwa za kununulia dhahabu sokoni Muttrah, hapo Muscat, akikubali kiwango.