Mrejesho: mbwa wangu aliyetetemeka baada ya kuzaa amepona

Habari zenu wakuu. Wiki iliyopita niliomba msaada: mbwa wangu alizaa watoto 7, siku ya 18 akaanza kuhema sana, miguu ikakakamaa, akawa anatetemeka hadi kuanguka. Wengine mlihisi sumu, wengine kichaa. Uliyesema ni upungufu wa kalsiamu, ubarikiwe, ulipatia.

Nilimkimbiza kwa daktari wa mifugo usiku uleule. Joto lilikuwa nyuzi 41, wakati la kawaida halizidi 39 na kidogo. Alichomwa kalsiamu kwenye mshipa, polepole sana, huku daktari akisikiliza moyo, maana ikiingia kwa haraka moyo unaweza kusimama. Haikupita nusu saa, mtetemo ukakata. Nililia, sifichi.

Watoto tuliwatenga naye saa 24, tukawanywesha kwa chupa maziwa ya kopo ya watoto wa mbwa.

Kilichoniuma ni hiki: wakati wa mimba nilimpa vidonge vya kalsiamu kila siku, nikidhani namsaidia. Kumbe vinauzoesha mwili kutochota kalsiamu yake kwenye mifupa; maziwa yakianza kutoka kwa wingi, unazidiwa. Tafadhali msifanye hivyo bila kuambiwa na daktari.

Sasa anakula mara 4 kwa siku, chakula cha watoto wa mbwa, na maji hayakauki bakulini. Chuchu nazikagua kila asubuhi kama zina uvimbe au joto. Watoto wote 7 wazima, wameanza kulamba chakula kilicholowekwa. Asanteni sana.