Tupeane uzoefu: wiski ya moto na juisi ya tufaha kipindi cha baridi

Wakuu, habari za usiku. Niko Minneapolis, huu mwaka wa nne. Januari huku nyuzi 20 chini ya sifuri si habari, na nikitoka shifti ya usiku natamani kikombe cha moto kabla ya kulala. Jana nilitia kila kitu sufuriani kwa pamoja: juisi ya tufaha, mdalasini wa unga, karafuu na wiski, nikaacha vichemke robo saa. Nyumba nzima ilinukia, lakini kikombeni nikakuta juisi tu, na ule unga umetuama chini unateleza kama bamia. Aliyewahi kupatia atuelekeze.

— Mkuu, wiski haichemshwi. Kileo huchemka kwenye nyuzi 78, maji bado hayajafika. Ile harufu nzuri ndiyo wiski yako ilivyokuwa inaondoka. Mimi kwa kila kikombe napasha juisi mililita 200 na kijiti kizima cha mdalasini, kipande cha tangawizi iliyopondwa na karafuu tatu, moto mdogo, dakika kumi. Naepua, nachuja, ndipo namimina wiski mililita 50. Karafuu zisizidi tatu, nakusihi. Nimekulia Wete, zikianikwa kwenye majamvi mbele ya nyumba, nazijua: ukizidisha, ulimi unakufa ganzi na tufaha hulisikii tena.

— Nipo Glasgow. Chagueni wiski pia. Nilijaribu ya Islay, kisiwa cha huku Scotland, zile zenye harufu kali ya moshi, na moshi ukafunika ladha yote ya tufaha. Siku hizi natumia bourbon ya Marekani. Nafaka yake angalau asilimia 51 ni mahindi, na inakaa kwenye mapipa mapya ya mwaloni yaliyochomwa ndani, kwa hiyo ina utamu unaokaribia sukari guru. Na ukisoma maelekezo ya Wamarekani yakasema "cider", wanamaanisha juisi ya tufaha isiyochujwa. Huku Uingereza chupa yenye neno hilo ni pombe tayari. Nilichanganya hivyo mara moja, kesho yake sikuamka kwenda kazini.

— Sisi Njombe baridi yetu ni Juni na Julai, na matufaha yanalimwa hapa hapa. Nakata manne na maganda yake, nachemsha na maji, iliki na mdalasini mpaka yalainike, naponda kwa mwiko, nachuja kwa kitambaa cheupe. Baba mkwe hanywi pombe. Namkingia kikombe chake kwanza, nakipeleka kwa mikono miwili pale alipo karibu na jiko la mkaa, halafu mume wangu anaongeza wiski kwenye cha kwake. Sufuria ni moja, wote wanakunywa.

— Asanteni sana, dada wa Njombe hasa. Nimeepua sasa hivi, karafuu tatu, wiski mwisho. Dirisha limeganda barafu kwa ndani, na kikombe kinanukia tufaha.