Mrejesho: Nilirudi hospitali, haukuwa uzee

Wapendwa, asanteni kwa kunisukuma. Niliuliza kama nirudi hospitali baada ya kitengo cha dharura kuniambia kichefuchefu, jasho la baridi na kuishiwa pumzi ni "uzee tu, mama", wakanipa dawa za tumbo. Nina miaka 73 na kisukari.

Nilirudi kesho yake. Safari hii sikusema "sijisikii vizuri". Nilisema: juzi nilipanda ngazi bila shida, leo nahema nikivaa viatu. Daktari mwingine akaagiza kipimo cha umeme wa moyo na damu ya kupima troponini (protini inayoingia kwenye damu misuli ya moyo ikiumia), ikarudiwa baada ya saa 3. Ilikuwa imepanda. Mshtuko wa moyo, na kifua hakikuuma hata kidogo! Akanieleza kwamba kwa wazee, hasa wenye kisukari, hutokea hivyo.

Nimezibuliwa mshipa na kuwekewa stenti (kijibomba cha wavu kinachouacha mshipa wazi), niko nyumbani. Kinachoniuma bado ni yule daktari wa kwanza: maswali yote alimwuliza mwanangu, kana kwamba mimi ni mzigo alioubeba. (Naye mwanangu hajui hata dawa ninazokunywa.) Nimeandika malalamiko, jibu sijapata.