Tupeane uzoefu: tableti imepandishwa hadi Windows mpya, sasa kioo hakisikii vidole au haiwaki kabisa

Wandugu wa Goma na Bukavu, tuweke hapa yale yanayofanya kazi kweli. Hasa kwa zile ndogo za inchi 8 hadi 10 zenye chipu ya Intel Atom Z3735F, RAM ya GB 2 na nafasi ya GB 32, zilizotoka na Windows 8.1 na watu wanazipandisha hadi 10. Windows 11 msijisumbue, inadai RAM ya GB 4 na nafasi ya GB 64.

Fundi, Birere
Kioo kikiacha kusikia, au kidole kinaenda kulia mshale unaenda kushoto, usikubali kuuziwa kioo kipya. Mara nyingi kioo ni kizima. Chipu ya mguso, nyingi ni Silead, haihifadhi programu yake. Kila tableti ikiwaka, dereva (programu inayoendesha kifaa, yule anayeandikwa «pilote» kwenye Windows ya Kifaransa) anailisha faili lenye vipimo vya kioo cha modeli ile ile. Ukipandisha Windows, anaweza kuja dereva wa jumla na faili likakosekana, au likaja la modeli nyingine.

Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote, chomeka flashi kwa kamba ya OTG (ile ya kuunganisha flashi kwenye tundu dogo la tableti), fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika:

dism /online /export-driver /destination:D:\madereva

D ni herufi ya flashi, na folda uitengeneze kwanza. Kisha dir C:\Windows\*.fw /s, na kila faili la .fw linalotokea ulinakili pia, maana mengine hayaingii kwenye ile amri.

Umeshapandisha? Tafuta C:\Windows.old\Windows\System32\DriverStore\FileRepository. Folda hiyo ya zamani Windows 10 inaitunza siku 10 tu. Chomeka kipanya, ingia Gestionnaire de périphériques, elekeza dereva wa mguso huko.

Kadutu
Mukubwa kasema kweli. Naongeza Wi-Fi: nyingi zina chipu ya RTL8723BS, na ukisimika Windows upya inakosa dereva, kwa hiyo intaneti hakuna. Unganisha simu kwa OTG, washa kushiriki intaneti kwa USB. Zima kwanza masasisho mengine, la sivyo mega zako zitaisha kabla dereva hajashuka.

Katindo
Kwa zile zinazoganda kwenye nembo. Bonyeza kitufe cha kuwasha sekunde 10 hadi 15 izime kabisa, uwashe tena. Ikishindwa mara mbili tatu mfululizo, ukurasa wa matengenezo hujitokeza wenyewe. Dépannage, Options avancées, Invite de commandes.

Hapo: diskpart, list volume. Tafuta sehemu ndogo yenye muundo wa FAT32, ndiyo ya kuwashia, kawaida MB 100. Ichague kwa select volume na namba yake, assign letter=S, exit. Halafu, kuandika upya mafaili ya kuwashia Windows:

bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI

Angalia kwanza kwa dir kama C ndiyo yenye Windows, huko herufi huhama. Na chagua klavie ya Kifaransa ukiulizwa. Alama ya \ ni AltGr na 8. Ukichagua ya Kiingereza, a na q zinabadilishana na utadhani amri ni mbovu.

Swali, Nguba
Yaya, yangu ikiwaka inadai ufunguo wa tarakimu 48. Nifanye nini?

Katindo
Diski imefungwa na BitLocker, kinga ya Windows inayoficha mafaili. Ingia aka.ms/myrecoverykey kwa akaunti ya Microsoft iliyotumika kwenye tableti hiyo. Kama uliinunua mtumba na akaunti ni ya mwenye zamani, mafaili yasahau, ila tableti yenyewe inasimikwa upya bila shida.

Fundi, Birere
Kwa wanaosimika upya: chipu ni ya biti 64 lakini UEFI (programu ya ndani inayoanza kabla ya Windows) ya nyingi ni ya biti 32. Flashi ya Windows ya biti 64 haionekani hata kidogo. Iwe FAT32, na ndani ya EFI\BOOT kuwe na bootia32.efi, faili la kuwashia la biti 32. Watu wengi wanazitupa hapo wakidhani zimekufa.

Nyingi zina tundu moja tu la micro-USB, kwa hiyo ukichomeka flashi, chaja haina pa kuingia. Jaza batri hadi 100 kwanza. Umeme wa huku mnaujua. Tableti ikizima katikati ya kuandika diski, unarudi mwanzo.