Ninataka blogu yangu ikue: ni mambo yapi yatakayoiharibu badala ya kuikuza?

Swali: Mama wa Magunia, Kayole

Hamjambo nyote. Ninaandika blogu ya Kiswahili kuhusu kilimo cha mboga katika magunia na ndoo, yaani kile kinachowezekana juu ya paa la ghorofa au kwenye roshani ya nyumba ya kupanga hapa Nairobi. Nilianza mwezi wa Februari mwaka jana, baada ya majirani kuniuliza maswali yaleyale kila walipoiona sukuma wiki yangu, nikaona ni afadhali niyaandike majibu mara moja. Hadi sasa nina makala 43, lakini kwa miezi mitano mfululizo wasomaji wamekwama kati ya 50 na 70 kwa siku.

Katika wiki mbili zilizopita nimeletewa mapendekezo matatu. Kijana mmoja anayejitangaza kuwa mtaalamu alinipigia simu akaahidi kuniwekea viungo 1,000, yaani anwani za kubofya zinazomleta mtu kwenye blogu yangu, kutoka tovuti nyingine kwa shilingi 8,000. Mtu wa pili ameniingiza katika kikundi cha WhatsApp ambacho wanachama wake hutembeleana kila jioni na kubofyeana matangazo. Wa tatu ni mpwa wangu, ambaye sina shaka na nia yake, na yeye amenishauri niiachie akili bandia iniandikie makala tano kwa siku, kwa kuwa, anavyosema, mwenye duka lenye rafu tupu hana haki ya kulalamika kwamba wateja hawaji.

Sina fedha za kuchezea, wala sina moyo wa kuanza upya. Ninaomba wenye uzoefu waniambie niepuke nini, na hasa madhara yenyewe hutokeaje, kwa sababu kuambiwa tu kwamba jambo fulani ni baya hakutanisaidia kumjibu mpwa wangu.

Jibu: Fundi wa Tovuti, Ngara

Mama, hizo shilingi 8,000 zishikilie. Biashara ya viungo ilikuwa na mantiki yake zamani, kwa sababu Google ilijengwa juu ya wazo kwamba ukurasa unaotajwa na kurasa nyingi huenda una jambo la maana, na watu walipoligundua hilo wakaanza kutajana kwa malipo. Mwezi wa Aprili 2012 kampuni hiyo ilitoa mabadiliko yaliyojulikana kama Penguin, ambayo yaliulenga mchezo huo moja kwa moja, na tovuti zilizokuwa zimejijenga juu ya viungo vya kununua zikaporomoka. Tangu mwaka 2016 ukaguzi huo ni sehemu ya mfumo mkuu wenyewe, na mara nyingi viungo vya aina hiyo havihesabiwi kabisa. Kwa hiyo hasara ya kwanza ni kwamba unanunua kitu ambacho mashine imekwisha kuamua kutokiona. Hasara ya pili huja pale wakaguzi, ambao ni binadamu, wanapoiwekea tovuti yako adhabu, kwa maana hapo unaweza kuondolewa katika matokeo ya utafutaji, na kujitoa humo ni kazi ya kuandikia wenye tovuti hizo mmoja mmoja ukiwaomba waviondoe viungo hivyo. Wengi wao hawajibu barua.

Ninayasema haya kwa sababu nami niliwahi kulipa. Wakati huo nilikuwa na blogu ya ukarabati wa simu. Baada ya siku nne yule bwana aliniletea jedwali refu la kupendeza, nikaketi kuzifungua tovuti zilizoorodheshwa humo moja baada ya nyingine. Katika kumi za kwanza, tatu zilikuwa tovuti za kamari, mbili zilikuwa za Kirusi, na moja ilikuwa maoni yaliyobandikwa chini ya makala ya kutibu kupe wa mbwa: "Asante kwa makala nzuri sana," kisha jina la blogu yangu. Nilijaribu kumfikiria mwenye mbwa huyo akiacha kupe wake na kuja kwangu kusoma kuhusu vioo vya simu, nikashindwa.

Viungo vyenye faida kwako ni vile ambavyo msomaji anaweza kuvifuata kwa sababu ya haja aliyonayo. Kama kuna kikundi cha akina mama wanaolima mtaani kwenu ambacho kina ukurasa wake, au muuza miche ambaye wateja wake humuuliza namna ya kupanda katika gunia, kiungo kimoja kutoka huko kitakuletea watu ambao tayari wameshika udongo.

Jibu: Bado Najifunza, Umoja

Mimi nitazungumzia kikundi cha kubofyeana tu, kwa kuwa niliwahi kuwa mwanachama mtiifu wa kikundi kama hicho.

Tulikuwa watu 22. Ilipofika saa tatu usiku, msimamizi alituma orodha ya anwani, nasi tukaifuata kutoka juu hadi chini: unafungua blogu ya mwenzako, unahesabu sekunde thelathini, unabofya tangazo moja, unarudi kuandika "tayari". Baadaye nilifikiria jinsi jambo hilo linavyoonekana likitazamwa kutoka upande wa pili. Simu zilezile 22, saa ileile, kwa mpangilio uleule, zinabofya matangazo na kuondoka bila hata mmoja kuuliza bei ya chochote. Hahitajiki mpelelezi. Mtandao wa matangazo niliokuwa nimejiunga nao uliifunga akaunti yangu nilipokuwa nimebakisha kidogo kufikia kiwango cha kulipwa, na rufaa yangu ilijibiwa kwa sentensi mbili. Kanuni za huduma kama AdSense, ile ya matangazo ya Google, husema wazi kwamba mwenye tovuti haruhusiwi kubofya matangazo yake mwenyewe wala kuwaomba wengine wayabofye, kwa hiyo sikuwa na pa kulalamikia. Anayelipia mibofyo hiyo ni mfanyabiashara kama mimi na wewe, pengine muuza mbegu, ambaye fedha zake za matangazo zinaliwa na watu wasio na hata sufuria ya kuoteshea mchicha.

Liko pia dhara ambalo halizungumzwi sana. Katika miezi yote hiyo nilitazama takwimu za blogu yangu nikaamini kwamba makala za mapishi zinapendwa kuliko makala za usafi wa nyumba, nikaacha kabisa kuandika za usafi. Wasomaji wa kweli, ambao hawakuzidi kumi na watano kwa siku, walikuwa wakija kwa ajili ya zile za usafi, lakini sauti yao ilikuwa imezama ndani ya mibofyo yetu wenyewe.

Jibu: Mwalimu Mstaafu, Buruburu

Mpwa wako ana hoja kuhusu rafu tupu, ila amesahau kuuliza rafu zitajazwa nini.

Mwezi wa Machi 2024 Google ilitangaza kanuni mpya dhidi ya uzalishaji wa kurasa nyingi zisizo na faida kwa msomaji, zinazotengenezwa kwa lengo la kupanda katika matokeo ya utafutaji. Kanuni hizo hazijali kama kurasa ziliandikwa na mashine, na mtu, au na wote wawili. Kosa liko katika wingi usio na kitu ndani. Mimi mwenyewe huitumia akili bandia kunionyesha nilipokosea tahajia, na sioni aibu yoyote. Lakini makala tano kwa siku ni makala 150 kwa mwezi, na wewe una paa moja na misimu miwili ya mvua kwa mwaka. Hutakuwa umevijaribu hivyo unavyovifundisha.

Nilimsaidia kijana mmoja aliyekuwa na blogu ya kilimo kama yako, ambaye alikuwa akichukua makala za Kiingereza na kuzipitisha katika mashine ya kutafsiri. Nilisoma humo kwamba mkulima asubiri theluji ya mwisho ya majira ya kuchipua ipite ndipo ahamishe miche. Hapa Nairobi tunangojea mvua za masika za Machi hadi Mei, au za vuli kuanzia Oktoba, na baridi yetu ya Julai, ijapokuwa hutufanya tulalamike sana, haijawahi kumfukia mtu miche yake kwa theluji. Mbele kidogo nikakutana na sentensi "Panda kale mapema." Nililitafakari agizo hilo la kupanda mapema katika zama za kale kwa muda mrefu kabla sijatambua kwamba mashine ilikuwa imeliacha neno la Kiingereza la mboga aina ya sukuma wiki kama lilivyo.

Tukicheka, tusisahau kwamba kuna suala la haki pia. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, haki ya kutafsiri kazi ni ya mwenye kazi, hivyo kubadilisha lugha hakuifanyi makala ya mwenzako kuwa yako. Hali ni hiyohiyo kwa picha. Picha inayopatikana kwa kutafutwa mtandaoni ina mwenyewe, na kuandika chini yake kwamba imetoka mtandaoni ni sawa na kuandika juu ya baiskeli ya wizi kwamba imetoka barabarani.

Jibu: Karani wa Zamani, South B

Ninakubaliana na waliotangulia, lakini nina la kupinga kidogo. Hizo njama tatu zinajulikana, na Mama alishazishuku kabla ya kuuliza. Blogu nyingi nilizoziona zikifa hapa mjini ziliuawa na wenyewe kwa mikono yao, wakidhani wanazirembesha.

Kosa linaloongoza ni kubadilisha anwani za makala za zamani. Mtu anachoka na muundo wa tovuti, anapanga upya sehemu zote, na kila makala inapata anwani mpya bila ile ya zamani kuelekezwa kwenye mpya. Kila kiungo kilichotumwa katika WhatsApp za watu, kila alama iliyowekwa na msomaji, na kila tokeo la utafutaji linaishia kwenye ukurasa unaosema kwamba hakuna kitu hapa. Ndugu mmoja aliyeandika kuhusu ufugaji wa sungura alipoteza karibu wasomaji wake wote kwa njia hiyo katika wikendi moja, kisha akatumia miezi akiilaumu injini ya utafutaji. Dawa yake ni kazi ya mchana mmoja: orodhesha anwani zote za zamani, na kila moja uielekeze kwa kudumu mahali makala ilipohamia. Karibu na kosa hilo kuna lile la kusahau kulipia jina la tovuti. Jina likiachwa, mtu mwingine anaweza kulisajili na kulijaza matangazo ya kamari, na wasomaji wako wakadhani ni wewe.

La pili ni picha. Mama, nimeifungua makala yako ya magunia ya ghorofa. Ina picha 12, na zimewekwa kama zilivyotoka kwenye simu, kila moja ikiwa na takriban megabaiti nne. Hizo ni kama megabaiti 48 kwa makala moja. Msomaji aliyenunua bando la siku la megabaiti 100 ametumia karibu nusu yake kutazama sukuma wiki, na kesho hatarudi hata kama aliipenda. Zipunguze upana hadi pikseli 1,000 au 1,200 na uzibane kabla ya kuzipandisha. Kila moja itashuka hadi kilobaiti mia na kitu, na hakuna jani litakalopotea.

Ondoa pia lile dirisha linaloruka mbele ya maandishi na kumtaka mtu ajiandikishe kabla hajasoma hata mstari. Tangu Januari 2017 Google huzihesabia vibaya kurasa za simu zinazomzibia mtu alichokifuata, lakini hata isingekuwa hivyo, hakuna muuza mboga anayemtaka mteja amwachie nambari ya simu kabla ya kuona nyanya. Violezo vya tovuti, yaani miundo iliyo tayari, vya kulipiwa ambavyo watu hugawiana bure sitavizungumzia kwa kirefu: mara nyingi huja na msimbo uliofichwa ndani, na atakayevitumia ajiandae kuisafisha tovuti yake.

Mama wa Magunia, Kayole

Ahsanteni sana. Nimejitoa katika kikundi usiku huu, na nimeanza kuzibana picha, ingawa nakiri kwamba sikujua kabisa kwamba zina uzito huo, kwa sababu nyumbani nasomea kwenye Wi-Fi ya ploti.

Nina ungamo moja. Watu waliowahi kuniandikia wakiuliza kuhusu miche niliwahifadhi nambari zao, zipo 112, na wiki iliyopita niliwaingiza wote katika kikundi kimoja ili niwe nikiwatumia makala mpya. Thelathini na wanane walijitoa siku hiyohiyo, na mmoja akanitukana. Je, hilo nalo lina ubaya?

Jibu: Karani wa Zamani, South B

Lina ubaya, Mama, na aliyekutukana, ingawa hakutumia adabu, hakukosea kukasirika. Mtu aliyekuuliza kuhusu miche alikupa nambari yake kwa ajili ya miche. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka taarifa za mtu zitumike kwa kusudi lile zilizokusanywa kwa ajili yake, na inataka ridhaa yake kabla ya kuzitumia kibiashara. Isitoshe, ukiwaweka katika kikundi kimoja, kila mmoja anaziona nambari za wengine wote, na hiyo ni siri ya watu ambayo wewe ndiye uliyeitoa.

Kifunge kikundi hicho na uwaombe radhi kwa ujumbe mfupi. Kisha chini ya kila makala weka mstari mmoja unaomwambia msomaji kwamba akitaka kupata makala mpya akutumie neno "gunia". Watakaolituma watakuwa wachache, labda ishirini. Andika maswali yao katika daftari jinsi walivyoyauliza, kwa maneno yao wenyewe. Katika makala zako 43 nimetafuta namna ya kuwaondoa vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza majani, kwenye sukuma wiki ya roshani bila kunyunyizia sumu karibu na dirisha la jirani, na sijaipata.

Mama wa Magunia, Kayole

Ya vidukari nimeulizwa mara tisa, zote kwa simu, na kila mara nimejibu kwa mdomo. Ninatumia maji ya sabuni asubuhi mapema, na ninageuza kila jani kutazama upande wa chini. Gunia la tatu limeshambuliwa jana, kwa hiyo kesho nitapiga picha kabla na baada, tatu tu, na nitazibana kwanza.