Tumelipa kiingilio, kikao cha Tarkin kimekatwa! Watafsiri wa muvi hapa Mbeya mnatuonaje?

Wakuu, nina hasira tangu jana usiku.

Nilimpeleka mdogo wangu wa kidato cha pili kwenye banda la video huku Mwanjelwa, kuangalia Star Wars ile ya kwanza ya mwaka 1977, iliyotafsiriwa. Nimemsifia hiyo muvi mwaka mzima. Tumekaa benchi la mbele, baridi inapenya kwenye mabati, kufika kwenye kikao cha wakubwa wa jeshi, paap! Kimekatwa. Tunamwona Luke, yule kijana shujaa wa muvi, anakuta nyumba ya mjomba wake imeshateketea.

Kile kikao ndicho muvi yenyewe! Jenerali mmoja ana wasiwasi kwamba waasi wanapata wafuasi ndani ya Seneti. Gavana Tarkin anaingia na kusema Mfalme Mkuu ameshaivunja Seneti moja kwa moja. Anaulizwa, sasa dola itaendeshwaje? Anajibu kwamba magavana watashika maeneo yao wenyewe, na hofu ya kile kituo chao cha vita, chenye silaha ya kulipua sayari nzima, itawanyoosha watu. Basi, bunge limekufa hapo, mezani. Halafu Vader, yule wa kinyago cheusi anayemtumikia Mfalme Mkuu, anamkaba ofisa bila kumgusa, Tarkin anamwamuru amwachie, Vader anaachia. Ukikosa hapo utajuaje huyu mzee ana uzito gani?

Matokeo yake, Alderaan, sayari ya kwao binti mfalme Leia waliyemshika mateka, ilipolipuliwa mdogo wangu akauliza, "Kaka, mbona wamelipua, si Leia ameshawatajia kambi ya waasi iliko?" Kweli alitaja sayari ya Dantooine. Tarkin akaona ni mbali mno, haitatisha watu. Mtafsiri yeye kasema eti "huyu mzee ni katili tu". Hapana! Ameondoa Seneti, sasa lazima ile hofu aliyoiweka badala yake ionekane inafanya kazi. Na ndiyo maana mwisho anaambiwa kuna hatari, anakataa kuondoka, anafia humo humo. Cheo chake chote alishakiegemeza kwenye silaha moja, angekimbilia wapi?

Na sauti! Peter Cushing anamwigiza Tarkin kwa upole unaotia baridi, hapandishi sauti. Mtafsiri kamfanya apayuke kama mpiga debe wa Kabwe.

Jirani yangu wa benchi alidhani gavana ni yule wa Benki Kuu. Simlaumu, kwetu leo ndiye gavana tunayemsikia. Lakini mtafsiri alikuwa na mfano hapa hapa Nyanda za Juu Kusini. Edward Twining, aliyerudisha fuvu la Mkwawa kule Kalenga mwaka 1954, alikuwa gavana wa Tanganyika enzi za Mwingereza. Aliteuliwa Uingereza, hakupigiwa kura na Mhehe hata mmoja. Sentensi moja ya hivyo na banda zima lingeelewa Tarkin anawajibika kwa nani.

Nilimfuata mwenye banda. Kanijibu watu wanataka mapigano, vikao vinawasinzisha. Nani kamwambia? Alituuliza lini?

Mtafsiri, kama unasoma hapa, kikao chenyewe ni dakika chache tu. Kirudishe, na umtafsiri Tarkin alichosema, siyo unachojisikia. Mdogo wangu nimemsimulia mimi, kwa miguu, kutoka Mwanjelwa hadi Ilomba usiku, na maswali yake hayajaisha mpaka asubuhi hii.