Mrejesho: bega la mama

Niliwauliza kuhusu mama yangu, muuza samaki hapa Kisumu, aliyeshindwa hata kufunga kilemba kwa maumivu ya bega. Asanteni sana mliosisitiza apimwe kwanza. Picha ya ultrasaundi imeonyesha kano moja (kano ni nyuzi ngumu zinazounganisha msuli na mfupa) kati ya nne zinazoshikilia bega imechanika kidogo, haijakatika, kwa hiyo upasuaji hakuna kwa sasa. Anafanya mazoezi ya fiziotherapia: anavuta kamba ya mpira iliyofungwa kwenye kitasa cha mlango, kiwiko kikibana ubavu, taratibu. Usiku sasa analala, jamani! Karai la samaki tunambebea sisi, kupona huchukua miezi. Na mnaoshauri mkono usisogezwe kabisa, tafadhali acheni: bega lisilosogezwa hukakamaa, hasa kwa mwenye kisukari kama yeye.